Maua ya kiangazi: wasomaji wanauliza juu ya nyuki na asali

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi namna ya kuunganisha mbao za mzinga. Barua zilizotufikia tangu hapo, kutoka komine (wilaya za mji) za Lubumbashi na kutoka Likasi, haziulizi tena juu ya mbao. Zinauliza juu ya chakula: nyuki wanakula nini katika nchi ambayo mvua hukatika mwezi wa nne na kurudi mwishoni mwa mwezi wa kumi au mwezi wa kumi na moja? Nimezisoma kwa furaha, kwa maana hilo ndilo swali ambalo mfugaji angepaswa kuanza nalo kabla ya kushika msumeno. Nimechagua barua tano, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nyingine zote zinaiegemea.

Mama, salamu kwako na kwa wote wa gazeti. Nina shamba kwenye barabara ya Kasenga, kilomita kama arobaini kutoka mjini, na nimeweka akiba ya kununua mizinga ishirini. Baba mkwe wangu ananikataza. Anasema kiangazi chetu ni kirefu mno, nyuki watakufa njaa au watahama. Je, ni mimea gani inayotoa asali wakati wa ukame, na mimi nipande nini? — Baba wa watoto wanne, Ruashi

Baba, baba mkwe wako ameona ukavu wa ardhi, lakini nadhani hajainua macho. Simama shambani kwako katikati ya mwezi wa tisa, kabla tone la kwanza halijaanguka: nyasi zimeungua, udongo ni mgumu kama tofali, na juu ya kichwa chako miti ya muputu na musamba inachipua majani mapya yenye rangi ya shaba, na katikati ya majani hayo kuna vishada vya maua madogo ambayo mtu asiyeyatafuta hawezi kuyaona. Miti ya msitu wetu wa miombo haingoji mvua. Mizizi yake imeshuka chini sana, shina lake limehifadhi maji, na wanga uliowekwa akiba tangu masika yaliyopita ndio unaootesha majani na maua hayo wakati ambapo kila kitu kifupi kimekauka.

Ili ulielewe jambo hili vizuri, inafaa ujue mbochi ni kitu gani. Mbochi ni maji yenye sukari ambayo ua huyatoa ili kuwavuta wadudu; sukari yake imetengenezwa na majani kwa mwanga wa jua, na maji yake yametoka mizizini. Mmea wenye mizizi mifupi unapokosa maji hupunguza mbochi kabla haujanyauka, ndiyo maana unaweza kukuta shamba zima la alizeti limechanua vizuri na nyuki wanapita juu yake bila kutua. Mti wenye mizizi mirefu hauyumbi upesi hivyo. Kwa hiyo katika nchi yenye kiangazi kirefu, iwe ni hapa Katanga nchini Kongo, Tabora kule Tanzania au Kitui kule Kenya, asali nyingi ni asali ya miti, wakati majani na mazao ya shambani ni nyongeza tu.

Ukavu wenyewe una faida yake na hasara yake. Mwaka mmoja nilikaa chini ya muputu mmoja karibu na mto Kafubu tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hadi saa tatu mti mzima ulikuwa unavuma, na chini yake hatukuweza kuongea kwa sauti ya kawaida. Kufika saa sita uvumi ulikuwa umekwisha. Nilichuma kishada kimoja nikakigusa kwa ulimi: utamu ulikuwamo, lakini ulikuwa unanata kama sukari iliyochemshwa. Hewa kavu ilikuwa imenyonya maji ya mbochi hata nyuki wakashindwa kuifyonza kwa wepesi. Hiyo ndiyo hasara. Faida ni kwamba hewa hiyo hiyo inawasaidia nyuki kuikomaza asali ndani ya mzinga. Mbochi yenye sukari asilimia 30 ikiingia kilo moja, itabaki takriban gramu 370 tu za asali, na maji yote yaliyozidi lazima yaondolewe kwa kupepea mabawa usiku na mchana. Mwezi wa kumi wetu huifanya kazi hiyo kuwa nyepesi, ilhali katika nchi za mvua ya kila siku nyuki hutaabika nayo sana.

Sasa tuje kwenye miezi, maana mfugaji wa nyuki wa Katanga anaishi kwa miezi. Tuna misimu miwili ya asali. Wa kwanza unaanza mvua zinapoisha, kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita, na mti wake mkuu ni mutondo. Kando ya barabara kuna pia yale maua marefu ya manjano yanayofanana na alizeti, ambayo wengi huyaona kama magugu. Wa pili, ulio mkubwa zaidi, unaanza mwishoni mwa mwezi wa nane na kuendelea hadi wa kumi na moja: muputu, musamba na ndugu zao, mupundu, musafwa wa kando ya mito, mulombwa, na hapa mjini majakaranda yanayoifanya barabara iwe ya zambarau. Kati ya misimu hiyo kuna mapengo mawili. La kwanza ni mwezi wa saba na nusu ya wa nane, wakati wa baridi, usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 na maua yakiwa machache. La pili huwashangaza wengi: ni mwezi wa kwanza na wa pili, katikati ya mvua. Majani ni mabichi kila mahali, lakini mvua inaosha mbochi ndani ya maua na kuwafungia nyuki ndani, na kundi linaweza kuona njaa huku msitu ukiwa kijani kibichi.

Hii ni sura ya jumla. Sura ya shamba lako huijui bado, na mimi pia siijui, kwa hiyo ninakuomba usinunue mizinga ishirini. Nunua daftari la shule. Nyuki kwa kawaida hutafuta chakula hadi kilomita mbili au tatu kutoka mzingani, na duara la kilomita mbili lina zaidi ya hekta 1,200. Shamba lako ni kipande kidogo sana cha malisho yao, na kilichomo katika shamba la jirani, katika bonde la mto na katika msitu wa kijiji ndicho kitakachoamua. Tembea duara hilo kila baada ya wiki mbili kwa mwaka mmoja. Andika mti gani una vichipukizi, upi umechanua, upi una nyuki kweli, na kama nyuki wamebeba chavua, ule unga wa maua, miguuni au wanaingiza kichwa ndani ya ua kufyonza mbochi, kwa maana si kila ua lenye nyuki linatoa asali. Mahindi, kwa mfano, huwapa nyuki chavua lakini hayana mbochi hata kidogo. Usichoke ukiona muputu uliochanua sana mwaka huu umetoa maua machache mwaka ujao, ndivyo ulivyo. Wakati unaandika, weka mizinga mitano tu, ili nyuki wenyewe wakufundishe.

Kuhusu kupanda: kile unachoweza kupanda hakitakuwa msimu wa asali. Kitaziba pengo, na hilo si jambo dogo. Kwa pengo la baridi, panda miembe, avoka na michungwa, ambayo huchanua hapa kati ya mwezi wa sita na wa tisa, ingawa mwembe unawapa nyuki kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mlonge huchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka na hauogopi ukame. Mbaazi ukiziacha shambani baada ya mvua huendelea kuchanua wakati jirani zake wamekauka, nawe unakula mbegu zake. Mikaliptusi inatoa mbochi nyingi, lakini usiipande karibu na chemchemi wala kisima. Zaidi ya yote, linda miputu na mitondo iliyomo tayari katika shamba lako, maana mti wa miombo unaopandwa leo utawalisha nyuki wa wajukuu zako.

Mama, mimi ni mzee wa miaka 68. Nilikuwa na makundi saba katika mizinga ya mbao yenye paa la bati, juani, kwenye kilima. Mwanzoni mwa mwezi wa saba nilirina asali yote. Mwishoni mwa mwezi wa tisa nilikuta mizinga sita mitupu. Sikuona mzoga hata wa nyuki mmoja. Nani aliwaiba? — Mzee wa Likasi

Mzee wangu, shikamoo. Hakuna mwizi. Nyuki wako walihama, na nyuki wa Afrika huhama kwa wepesi ambao wale wa Ulaya hawana, kwa sababu wamezoea nchi ambayo chakula hufuata mvua na moto. Kutokuona mizoga ndiyo alama yenyewe: kundi lililokufa kwa njaa huacha maiti, nyingi zikiwa zimeingiza vichwa ndani ya vyumba vya sega. Kundi lililohama huacha nta safi.

Naomba uniwie radhi nikisema kwamba kosa lilianzia kwako, na ninasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya kosa lilo hilo miaka ya nyuma. Niliona masega ya mutondo yamejaa mwezi wa sita, nikayakata yote hadi la mwisho, nikajiona nimefanikiwa. Nilisahau kwamba asali ile ilikuwa posho ya mwezi wa saba na wa nane. Kufika mwezi wa tisa nilibaki na makundi mawili kati ya tisa. Tangu hapo kila mzinga unabaki na masega matatu yenye asali, na hata mnunuzi akinisihi siyagusi. Ukilazimika kuwalisha, changanya kilo moja ya sukari na lita moja ya maji, uwape jioni ndani ya mzinga, na uache kabisa maua yanapofunguka, la sivyo sukari hiyo itaingia katika masega utakayowauzia watu kama asali.

La pili ni joto. Chumba cha majana, yaani watoto wa nyuki, kinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 34 na 35, iwe nje kuna baridi ya mwezi wa saba au jua la mwezi wa kumi. Nta huyeyuka kwa nyuzi 62 hadi 64, lakini sega lililobeba asali hulegea na kukatika mapema zaidi, na chini ya bati lililochomwa na jua joto hupanda upesi mno. Nyuki hupambana kwa kuleta maji, kuyatandaza juu ya masega na kuyapepea. Katika siku za joto kali kundi kubwa linaweza kuhitaji lita moja ya maji au zaidi. Sasa hesabu: kilima chako kiko mbali kiasi gani na maji mwezi wa tisa, wakati vijito vimekauka? Kila nyuki anayekwenda kuteka maji haendi kutafuta mbochi.

Hamisha manzuki yako, yaani mahali pa mizinga, chini ya miti yenye kivuli cha mchana, weka nyasi juu ya bati, na karibu na mizinga weka beseni au nusu ya bidoni iliyojazwa kokoto ili nyuki watue bila kuzama. Lianze kazi mwezi wa sita na lisikauke hata siku moja, kwa sababu nyuki wakishazoea maji ya mahali pengine, kama kisima cha jirani, utapata ugomvi na jirani. Kagua pia kama siafu wanapanda miguu ya mizinga. Oili iliyotumika katika vikopo chini ya miguu inawazuia. Mizinga mitupu usiiuze. Isafishe, ipake nta kidogo mlangoni, na makundi yanayosafiri yatakapopita maua yakianza, utapata wageni.

Mama, nauza asali katika soko la komine ya Kenya, hapa Lubumbashi. Kila mwezi wa saba asali yangu inaganda kama mafuta ya ng'ombe, na wateja wanasema nimetia sukari. Nyingine niliyonunua mwezi wa pili ilitoa povu na kupasua chupa. Na mteja mmoja alirudisha asali akisema inamchoma koo. Nifanye nini? — Mama wa Katuba

Mama, asali iliyoganda haijaharibika na haijachanganywa. Asali ina sukari za aina mbili kubwa, na ile iitwayo glukozi hupenda kuganda, hasa joto likikaa karibu na nyuzi 14, ambalo ndilo joto la nyumba nyingi za Lubumbashi usiku wa mwezi wa saba. Weka chupa ndani ya sufuria ya maji ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia, uache taratibu, na usiichemshe kamwe. Joto kali huongeza ndani ya asali kemikali iitwayo HMF, na kanuni za kimataifa za chakula ziitwazo Codex zinaruhusu miligramu 40 tu kwa kilo, au 80 kwa asali inayotoka nchi za joto kama yetu. Majaribio ya wateja ya kuwasha asali kwa kiberiti au kuimwaga katika glasi ya maji hayathibitishi lolote, nawe unaweza kuwaambia hivyo bila woga.

Ile iliyotoa povu ni jambo jingine. Ilirinwa ikiwa mbichi. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20, ambacho ndicho kiwango cha juu cha Codex, huchacha, na ya mwezi wa pili, wakati wa mvua, huwa na maji mengi kwa urahisi. Muulize anayekuuzia kama masega yalikuwa yamezibwa kwa nta; robo tatu ya sega ikiwa imezibwa unaweza kurina. Kama unamtembelea, mwombe ashike sega kwa ulalo na kulitikisa: matone yakiruka, sega lirudishwe mzingani. Kisha nunua kwa uzito, si kwa ujazo. Lita moja ya asali iliyokomaa ina takriban kilo 1.4, kwa hiyo bidoni la lita 20 lililojaa linapaswa kukaribia kilo 28 ukiondoa uzito wa bidoni lenyewe. Mizani yako itakuambia ukweli kuliko ulimi wa muuzaji.

Inayochoma koo mara nyingi imetokana na yuforbia, ile miti yenye matawi kama vinara na utomvu mweupe. Usiichanganye na nyingine ili kuificha. Mrudishie aliyekuuzia, umwombe atenge asali ya mizinga iliyo karibu na miti hiyo.

Shangazi, kaka yangu anafanya kazi Oman, na anasema asali ya mkunazi kutoka Yemen inauzwa kwa bei ya juu sana. Kwa nini tusipande mkunazi au miti mingine ya jangwani hapa Lubumbashi tukapata asali kama hiyo? — Mwanafunzi, Kampemba

Mwanangu, kaka yako amesema kweli. Asali hiyo huitwa sidr, na iliyo mashuhuri kuliko zote inatoka mabonde ya Hadhramaut, hasa bonde la Do'an. Lakini tazama inavyopatikana. Mvua ya kule ni haba kabisa. Mkunazi unaishi kwa maji ya mafuriko yanayopita bondeni mara chache kwa mwaka na kuzama ardhini, ambako mizizi yake inayafuata. Unachanua mvua za kule zikiisha, wakati maua mengine ni machache, na wafugaji huja na mizinga yao ndani ya malori, wakihama bonde hadi bonde. Ndiyo maana asali inatoka katika mti mmoja karibu peke yake. Ukiupanda mti ule ule kwetu, penye mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka na msitu wenye aina nyingi za miti, nyuki watachanganya, na hutapata sidr. Utapata asali ya Katanga yenye mkunazi kidogo ndani.

Kuna pia hatari ya kuleta miti ya ukame bila kufikiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti uitwao mathenge ulipandwa Baringo, kaskazini mwa Bonde la Ufa la Kenya, ili kuzuia jangwa na kutoa kuni. Nyuki wanaupenda kweli, na asali yake ni nzuri. Lakini ulienea kando ya ziwa na mito, ukafunga malisho, na maganda yake matamu yaliharibu meno ya mbuzi, hata wananchi wakaipeleka serikali mahakamani. Na kumbuka kwamba Baringo ilikuwa na miti yake ya asali tangu zamani, mmojawapo ukiwa kikwata, mgunga mdogo wenye miiba kama ndoana ambao wataalamu waliupa jina la mellifera, yaani uletao asali.

Kwa hiyo swali langu kwako wewe uliye shuleni ni hili: je, umewahi kuonja asali ya mutondo peke yake, iliyorinwa mwezi wa sita, na asali ya muputu peke yake, iliyorinwa mwezi wa kumi na moja? Wengi hapa hawajawahi, kwa sababu sokoni zote humwagwa katika bidoni moja. Watu wa Do'an walipata bei yao kwa kutenga. Anza na chupa mbili zenye tarehe na jina la mti, uone wateja watasema nini.

Mama, naandika bila kutaja jina. Mimi ni mchoma makala, yaani mkaa. Nina watoto watatu na hiyo ndiyo kazi niliyo nayo. Mjomba wangu anafuga nyuki, na kila mwaka tunagombana kwa sababu anasema ninakata asali yake. Sitaki kugombana na mjomba. Niambie mti gani niuache. — Kijana wa barabara ya Kasenga

Ndugu yangu mdogo, asante kwa barua hii. Niliisoma mara tatu. Mji huu unapika kwa makala yako, mimi pia nimo, na sitakuambia uache kazi inayolisha watoto kana kwamba nina nyingine ya kukupa.

Ugumu ni kwamba miti itoayo makala mazito ni ile ile itoayo mbochi: muputu, musamba, mutondo. Ukiikata yote katika eneo moja, mjomba wako amepoteza mwezi wa nne hadi wa sita na wa tisa hadi wa kumi na moja kwa pamoja, yaani amepoteza mwaka. Lakini miti hii ina neema moja: ukiikata vizuri, kisiki hakifi. Kata chini, kwa mkato wa mshazari ili maji yasitulie juu yake, usichome tanuri juu ya visiki, na mwaka unaofuata chagua vichipukizi viwili vilivyonyooka kwa kila kisiki, uondoe vingine. Vitachukua miaka mingi kabla havijachanua, kwa hiyo usikate eneo lote. Kaa na mjomba na mgawanye: ukate kipande kimoja mwaka huu, na uruke hadi kipande kingine cha mbali mwaka ujao, huku katikati yake mkiacha mikanda ya miti mikubwa isiyoguswa. Miti ya kando ya mto iache yote, maana musafwa na wenzake ndio wanaochanua karibu na maji wakati nyuki wanayahitaji. Na mti wenye tundu usiukate hata kama ni mnene, kwa sababu humo ndimo yanamotoka makundi yanayojaza mizinga ya mjomba bila yeye kulipa.

Mwambie na yeye jambo moja kwa niaba yangu. Kama anatengeneza mizinga ya gome, kila mzinga unamuua muputu mmoja au mutondo mmoja uliosimama, kwa kuwa mti uliovuliwa gome pande zote hauponi. Basi hana haki ya kukulaumu peke yako. Abadilishe aende kwenye mbao.

Halafu moto, ambao naamini unaharibu asali kuliko shoka lako. Kule Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, katika msitu unaofanana na wetu, majaribio yaliyoanzishwa miaka ya 1930 yalionyesha kwa muda mrefu kwamba vipande vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti yake na kugeuka nyasi, wakati vile vilivyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, vilibaki msitu. Moto wa mwezi wa tisa hupanda hadi kwenye vishada vya maua. Moto wa mwezi wa tano hutambaa chini na kuzimika jioni. Wewe unayejua moto kuliko sisi wengine, lichome eneo lenu mapema, mwezi wa tano au mwanzoni mwa wa sita, mchana ukiwa umetulia, na ulime ukanda mtupu kuzunguka manzuki ya mjomba.

Ukitaka kutazama mbali zaidi, ujue kwamba kazi yako na ya mjomba zimewahi kukaa katika shamba moja hapa hapa nchini. Kule Mampu, kwenye uwanda wa Bateke, kilomita kama 140 kutoka Kinshasa, kulipandwa akasia katika takriban hekta 8,000, zikagawiwa familia kwa hekta 25 kila moja. Familia hukata sehemu ya akasia kwa makala, hupanda mahindi na muhogo katika kipande kilichokatwa, mbegu za akasia zilizobaki ardhini huota upya baada ya moto, na mizinga hukaa chini ya akasia ambazo bado hazijafikiwa. Mti huo hutoa utamu hata kwenye vikonyo vya majani yake, si katika maua peke yake. Udongo wa kule ni mchanga na wa kwetu ni mwekundu mzito, kwa hiyo jaribu kwanza kwa miche michache katika ardhi iliyokwisha kuachwa tupu. Ioteshe kitaluni mwezi wa nane, ipande mvua zikishika, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, na mwombe mjomba akulindie miche yako dhidi ya mbuzi katika miaka miwili ya mwanzo.